Tulishinda Mara Kumi na Tatu, Tukaachwa Mlangoni

Mpenzi msomaji, najua ukikiona kichwa hiki utadhani nazungumzia timu yetu ya shule na safari yake ya mashindano ya kaunti. La hasha! Timu yetu haijawahi kushinda mara kumi na tatu mfululizo, na mwalimu wa michezo akiyasoma haya asininunie, maanake hata yeye anajua. Nazungumzia timu ya Chuo Kikuu cha Florida State, kilichoko mjini Tallahassee, katika jimbo la Florida kule Marekani, na jinsi msimu wake wa 2023 ulivyomalizikia Miami kwa aibu ambayo mpaka leo inaniwasha kama upupu.

Najua pia kwamba baadhi yenu mtaguna. "Huyu naye! Gor Mahia na Arsenal zimemfanya nini hata avuke bahari kutafuta maumivu?" Jibu langu ni fupi. Mjomba wangu anaishi huko, na tangu nikiwa shule ya msingi amekuwa akinitumia fulana za rangi ya damu ya mzee na dhahabu. Kupenda timu, jameni, ni kama mafua. Mtu huambukizwa nyumbani kabla hajajua kuna ugonjwa.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, niueleze kidogo. Wamarekani huuita kandanda ingawa mguu hauna kazi kubwa ndani yake. Ni binamu ya raga yetu: mpira una umbo la yai, hubebwa, na watu huangushana vibaya sana. Tofauti ni kwamba mpira unaweza kurushwa mbele kwa mkono, kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga yadi 10. Ikishindwa, mpira ni wa wenzao. Ukiufikisha ng'ambo ya mstari wa mwisho unapata pointi 6. Anayeuongoza msafara wote huu ni kwotabeki, yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua aurushe kwa nani, amkabidhi nani, au akimbie nao mwenyewe. Kwotabeki akiumia, timu hubaki kama basi lililompoteza dereva katikati ya safari. Hilo la dereva likumbukeni, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Na "bakuli" je? Wamarekani humaliza msimu wa vyuo kwa mechi ziitwazo kwa jina hilo: Rose Bowl, Sugar Bowl, Orange Bowl na kadhalika. Asili yake ni Pasadena, California, ambako Michigan waliwacharaza Stanford 49 kwa 0 siku ya Mwaka Mpya wa 1902. Baadaye ukajengwa uwanja wa duara kama bakuli, na mechi ikachukua jina la uwanja. Miji mingine yenye jua ikaona kumbe wageni huja na pesa zao wakati wa baridi, nayo ikaanzisha mabakuli yake. La Miami lilianza 1935. Siku hizi ni zaidi ya 40, na timu yoyote iliyoshinda mechi 6 huwa na matumaini ya kualikwa. Kwa miaka mingi bakuli lilikuwa zawadi. Mlisoma, mkafanya mazoezi kwenye baridi, mkashinda, basi mkapelekwa kwenye joto mkacheze mechi ya mwisho mbele ya wazazi na wahitimu wa zamani wenye kofia za ajabu.

Kuanzia msimu wa 2014 mambo yakabadilika. Ulianzishwa mchujo wa timu nne za kugombea ubingwa wa taifa. Timu hizo nne hazikupatikana kwa jedwali la pointi kama ligi yetu ya soka. Zilichaguliwa na jopo la watu 13 waliokaa hotelini huko Texas wakitazama mechi na kubishana, mpaka Jumapili moja ya Disemba walipotoka na orodha. Mengine yote yaliyobaki yakawa mabakuli ya kujiliwaza. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanza.

Msimu wa 2023 Florida State walianza kwa kuwapiga LSU 45 kwa 24 mjini Orlando. Wakaenda ugenini kwa Clemson, wakashinda 31 kwa 24 katika muda wa ziada. Wiki baada ya wiki walishinda, na kwotabeki wetu Jordan Travis alikuwa akicheza kama mtu anayesoma kitabu alichokiandika mwenyewe. Kisha tarehe 18 Novemba, katika mechi dhidi ya North Alabama, timu ndogo ambayo ushindi wake haukuwa na shaka, mguu wa Travis ukavunjika. Alitolewa uwanjani kwa kigari huku uwanja mzima umenyamaza.

Je, walianguka? Hawakuanguka. Wiki moja baadaye, na kwotabeki wa akiba Tate Rodemaker, walikwenda Gainesville kwa mahasimu wao wa jadi, Chuo Kikuu cha Florida, wakawafunga 24 kwa 15. Rodemaker naye akaumia kichwa. Fainali ya kanda yao, iitwayo ACC, ikachezwa Disemba 2 mjini Charlotte na kijana wa mwaka wa kwanza, Brock Glenn, akiongoza. Kusema kweli hakuweza kurusha; yadi zake zote za kurusha zilikuwa 55, na huo ni umaskini mtupu. Lakini walinzi wetu siku hiyo walikuwa ukuta wa Fort Jesus. Louisville hawakuuvuka mstari hata mara moja, tukashinda 16 kwa 6. Mechi 13, ushindi 13, ubingwa wa kanda mkononi.

Siku iliyofuata jopo likasoma orodha. Michigan, Washington, Texas, Alabama. Sisi wa tano.

Alabama walikuwa wamefungwa mechi moja, tena nyumbani kwao, na Texas, 34 kwa 24. Texas nao walikuwa wamefungwa moja na Oklahoma. Sisi hakuna aliyetufunga. Tangu mchujo ule uanze, hakuna bingwa wa zile kanda kubwa aliyemaliza bila kushindwa akaachwa nje. Tukawa wa kwanza. Mwenyekiti wa jopo, Boo Corrigan, alieleza kwamba bila Travis timu yetu si ile ile iliyocheza wiki za mwanzo. Kwa maneno mengine, hatukuadhibiwa kwa tulilofanya. Tuliadhibiwa kwa lile ambalo watu 13 walidhani tungelifanya.

Hebu, msomaji, lete jambo hili karibu na nyumbani. Mwanafunzi amefanya mtihani wa KCSE akapata A moja kwa moja. Anakwenda kuchukua nafasi yake ya chuo kikuu anaambiwa, "Tumesikia mkono wako wa kuandikia umevunjika. Tunahofu huko mbele hutaandika vizuri. Nafasi yako tumempa huyu wa A ya kutoa, maanake mikono yake ni mizima." Mzazi gani angekubali? Si angelala kwenye mlango wa ofisi?

Nitatenda haki, kwa sababu waliotufundisha mdahalo katika chama hiki walituambia mgala muue na haki yake umpe. Jopo halikuvunja sheria. Kanuni zake ziliwaruhusu kuangalia kama mchezaji muhimu hayupo na kama kukosekana kwake kutaathiri mechi zijazo. Vilevile Alabama hawakuwa vibonde. Siku ile ile tuliyowashinda Louisville, wao waliwafunga Georgia 27 kwa 24, Georgia waliokuwa mabingwa wa 2021 na 2022 na ambao hawakuwa wamepoteza katika mechi 29 mfululizo. Mtu akiniuliza usiku ule ni timu gani ilikuwa na nguvu zaidi, Alabama mwenye kwotabeki au sisi tusio na kwotabeki, ningetazama viatu vyangu kabla ya kujibu. Lakini hilo si swali la mashindano! Kama kazi ni kukisia nani ana nguvu, kwa nini watu wacheze? Wakusanyike waganga wapige ramli mwezi wa Agosti tupewe kombe mapema. Mechi huchezwa ili kukisia kukome. Kanuni inayoruhusu utabiri uyashinde matokeo ni kanuni mbovu, hata kama imeandikwa vizuri na kutiwa sahihi.

Travis mwenyewe alitoa kauli iliyonichoma kuliko zote. Alisema, kwa ufupi, kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu wapate kuona kuwa timu ile ilikuwa zaidi ya mtu mmoja. Fikiria kijana anayelala na vyuma mguuni akijilaumu eti hakuvunjika kwa wakati unaofaa.

Wanasiasa wa Florida nao hawakukaa kimya, kama ilivyo desturi ya wanasiasa wa kila mahali mpira unapowapa nafasi. Mwanasheria mkuu wa jimbo akaanzisha uchunguzi. Gavana akapendekeza dola milioni moja zitengwe kwa ajili ya kesi. Chuo nacho kikaishtaki kanda yake mwenyewe kabla ya Krismasi, kwa madai yaliyohusu zaidi pesa na jinsi ya kujitoa. Sioni kama hayo yalimsaidia mchezaji yeyote.

Sasa tufike Miami. Sisi tulipewa Orange Bowl, tarehe 30 Disemba, dhidi ya Georgia, ambao nao walikuwa wameachwa nje, wakiwa wa sita. Hapa Kenya mechi ilianza saa sita za usiku. Matokeo mnayaweza kuyakisia kwa jinsi ninavyozunguka kuyasema. Mapumziko: Georgia 42, Florida State 3. Mwisho: 63 kwa 3. Pengo la pointi 60. Katika historia yote ya mabakuli, tangu ile ya Pasadena ya 1902, hakuna timu iliyopigwa kwa pengo kubwa hivyo. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya Georgia hao hao, walipowatandika TCU 65 kwa 7 Januari 2023. Yaani hawa watu huvunja rekodi zao wenyewe kwa vichwa vya wenzao.

Asubuhi yake waliotetea jopo walishangilia. "Mmeona? Si tuliwaambia hawafai?" Rafiki yangu mmoja wa bweni, anayejifanya mjuzi wa kila mchezo, mpaka leo akitaka kunikera huniambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Mimi humjibu kwamba methali hiyo naikubali kabisa, ila aniambie kwanza: timu ile iliyoshinda 13, ni nani aliyeishinda? Maanake walioingia uwanjani Miami hawakuwa wale. Zaidi ya wachezaji ishirini hawakucheza. Travis alikuwa majeruhi. Rodemaker alikuwa ametangaza kwamba anahama chuo. Keon Coleman, mdakaji wetu hodari. Trey Benson, mkimbiaji. Jared Verse, simba wa safu ya ulinzi. Wote walikuwa wamejitoa ili wajiandae kwa ligi ya kulipwa. Georgia pia walikosa wachache, lakini wengi wao walikuja. Sisi tulileta watoto. Mpira wenyewe ulishikwa na yule yule Glenn wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo 63 kwa 3 haithibitishi neno lolote juu ya timu ya Novemba. Huwezi kumpima mtu joto kwa kulitia shati lake kipimajoto.

Hapa ndipo ninapopishana na mjomba, na naomba radhi kwake kama gazeti hili litamfikia, kwa sababu namheshimu. Mjomba aliwaita waliojitoa wasaliti. Kwa simu alinguruma, "Mwanangu, asiyekuwapo na lake halipo! Wamekula jasho la chuo miaka mitatu, siku ya msiba wamekimbia!" Nikamwambia, "Mjomba, kwa heshima zako, si haki."

Si haki kwa sababu mchezo huu huvunja watu. Tarehe 1 Januari 2016, Jaylon Smith wa Notre Dame, aliyetarajiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuchukuliwa na ligi ya kulipwa, aliumia goti vibaya katika Fiesta Bowl. Mechi ya bakuli, isiyo ya ubingwa. Akaporomoka hadi nafasi ya 34, na msimu mzima uliofuata hakucheza. Mwisho wa mwaka huo huo, Leonard Fournette wa LSU na Christian McCaffrey wa Stanford wakasema wao hawatacheza mabakuli yao, na Marekani nzima ikapiga kelele kama kwamba wameiba sadaka. Siku chache baadaye Jake Butt wa Michigan, aliyeamua kucheza, akakatika mshipa wa goti katika Orange Bowl. Tangu hapo kelele zikapungua, na waliojitoa wakaongezeka kila mwaka. Mjomba anasahau kwamba chuo hakimlipii mtu goti jipya la kuanzia maisha nalo.

Na mfano mkubwa zaidi uko nyumbani kwetu. Travis alichukuliwa na New York Jets mwaka 2024, katika duru ya tano. Mguu haukupona sawasawa. Mwaka 2025 akatangaza kustaafu bila kucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Wakati huohuo Verse, yule "msaliti", alichukuliwa na Los Angeles Rams katika duru ya kwanza, na akatunukiwa tuzo ya mlinzi bora kati ya wachezaji wapya wa 2024. Mmoja alicheza mechi ya North Alabama kwa moyo wote akapoteza kazi yake. Mwingine alikosa mechi moja ya Miami akaipata. Sisemi kwamba Travis alikosea. Nasema shabiki aliyeketi kitini na karanga mkononi aone haya kidogo kabla ya kumwita mwenzake msaliti.

Ila nami nina kinyongo changu, na sitakificha. Si wote waliokosa walikuwa na mamilioni ya kulinda. Timu iliyosema "tumedharauliwa" ilikuwa na jukwaa moja tu la kujibu, nalo lilikuwa Miami. Georgia walikuwa na uchungu kama wetu. Walikuwa mabingwa mara mbili, wakafungwa mechi moja kwa pointi tatu, wakaachwa. Wao uchungu wao waliuleta uwanjani. Sisi wetu tuliuacha Tallahassee. Hilo halilifanyi jopo kuwa na haki. Lakini liliwapa watetezi wake picha ya kutundika ukutani, na picha hiyo haifutiki kwa hoja.

Wa kuhurumiwa hasa, na ambao hakuna aliyewaandika, ni wale waliocheza. Vijana waliokuwa wa tatu au wa nne katika nafasi zao, waliozoea kubeba maji, ghafla wanaambiwa wawazuie mabingwa wa juzi. Wangeweza nao kusema wana maumivu ya tumbo. Hawakusema. Waliingia, wakapigwa, wakainuka, wakapigwa tena, na robo ya mwisho walikuwa bado wanakimbia. Kocha wa Georgia mwenyewe, Kirby Smart, baada ya mechi hakujisifu. Alisema watu wanapaswa kukiona kilichotokea usiku ule na kukirekebisha. Mshindi wa pointi 60 akisema hivyo, jua kuna kitu kimeoza.

Kilichooza ni hiki, kwa maoni yangu. Bakuli lilipokuwa zawadi, kila aliyealikwa alikwenda kwa furaha. Mlipotoa timu nne mkasema hizi ndizo muhimu, mliwaambia wengine wote kwamba mechi zao ni makombo. Kisha mnashangaa watu wakikataa makombo! Isitoshe, pesa. Miaka nenda miaka rudi vyuo viliuza mechi hizi kwa televisheni kwa fedha zisizohesabika, huku mchezaji akiambiwa atosheke na ada ya masomo. Ndipo Julai 2021 wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na mwaka 2025 mahakama ikaidhinisha vyuo viwalipe moja kwa moja, kila chuo hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka. Mkataba mpya wa televisheni wa mchujo peke yake ni wa takriban dola bilioni 7.8 kwa miaka 6. Penye fedha kama hizo, kumwambia kijana acheze bakuli la kujiliwaza "kwa ajili ya mapenzi ya chuo" ni kumwomba sadaka tajiri ukiwa umevaa nguo zake.

Wakenya tusijifanye wageni katika habari hizi. Vyuo vya Marekani vimekuwa vikichukua wanariadha wetu kwa ufadhili wa masomo tangu zamani. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81, mwaka 1978. Chuo hicho hicho cha Rono, wenzake kumi wa kanda ya Pac-12 walipoikimbia kufuata pesa za televisheni, kilibaki na mwenzake mmoja tu, Oregon State, kwa msimu wa 2024. Yaani hata vyuo vyenyewe vinajitoa pale panapowalipa kidogo. Lakini kwa chuo hilo huitwa mpango wa maendeleo. Kwa kijana huitwa usaliti.

Mchujo ulipanuliwa kuanzia msimu wa 2024 ukawa wa timu 12, na mabingwa watano wa kanda walio juu zaidi wakapewa nafasi za moja kwa moja. Kwa kanuni hiyo, timu yetu ya 2023 ingeingia bila kuuliza mtu. Nimefurahi, kwa namna anayofurahi mtu aliyejengewa daraja baada ya mwanawe kusombwa na mto. Wala malalamiko hayakuisha. Disemba 2025 Notre Dame, walioshinda 10 na kufungwa 2, waliachwa nje, nafasi wakapewa Miami waliokuwa wamewafunga mwezi wa Agosti. Notre Dame wakakataa kucheza bakuli lolote. Safari hii hawakujitoa wachezaji mmoja mmoja. Chuo kizima kilijitoa. Sikumsikia mjomba akiwaita wasaliti.

Na Florida State? Msimu wa 2024 walishinda mechi 2 wakafungwa 10. Ndiyo, msomaji, hujasoma vibaya. Walianza kwa kufungwa na Georgia Tech 24 kwa 21 huko Dublin, Ayalandi, na baada ya hapo ikawa matanga. Mwaka 2025 walifungua msimu mjini Tallahassee dhidi ya nani? Alabama! Wale wale waliopewa kiti chetu. Tukawafunga 31 kwa 17, na watu wakamwagika uwanjani kama nzige. Siku hiyo niliamini tumerudi. Tukamaliza na ushindi 5 na vipigo 7, mechi moja pungufu ya kupata bakuli. Hivyo misimu yote miwili, ya 2024 na 2025, hatukucheza bakuli lolote, na lile la 63 kwa 3 likaendelea kuwa bakuli letu la mwisho.

Wanachama wanaoamini jopo lilikuwa na haki, na najua mpo, hasa wa Kidato cha Nne wanaopenda kusema "sheria ni sheria", waje kwenye mdahalo wetu wa Alhamisi. Mwalimu mlezi amekubali tuipe mada hii nusu saa. Mimi nitakuwa upande wa wapingaji, nami nimeahidiwa kuongea wa kwanza.